Sululu wa Druridge Bay: jinsi rekodi moja ilivyokubaliwa, kisha ikaondolewa

Tarehe 4 Mei 1998, katika ghuba ya Druridge kwenye pwani ya Northumberland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, alionekana sululu, yaani ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, aliyekuwa mdogo kuliko kawaida, mwenye mdomo mwembamba na mabawa meupe upande wa chini. Alikaa katika eneo hilo hadi tarehe 7 Mei, akatazamwa na watu wengi waliofika na darubini zao, akapigwa picha, kisha hakuonekana tena. Wengi wa waliomwona waliamini kuwa ni sululu mdomo-mwembamba, yaani Numenius tenuirostris, ndege ambaye hakuwa ameorodheshwa Uingereza kabla ya hapo. Dai hilo lilichunguzwa kwa miaka kadhaa, likakubaliwa, na mwaka 2002 uchambuzi wake kamili ulioandikwa na Steel na Vangeluwe ukachapishwa katika jarida la British Birds. Hata hivyo, kufikia mwaka 2014 rekodi hiyo ilikuwa imeondolewa katika orodha rasmi ya ndege wa Uingereza. Ndege alikuwa yule yule na picha zilikuwa zile zile. Katika uchambuzi huu nakusudia kueleza kwa nini uamuzi wa pili ndio uliokuwa sahihi, na kwa nini kuukubali hakuhitaji kumvunjia heshima mtu yeyote aliyesimama ufukweni siku zile.

Uzito wa dai lenyewe hauwezi kupimwa bila kumjua ndege na hali aliyokuwa nayo wakati ule. Sululu mdomo-mwembamba alikuwa ndege wa kuhamahama, na katika karne ya 19 alijulikana vizuri katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ambako alikuwa akipitisha majira ya baridi. Alikozalia hakukupata kujulikana sawasawa. Viota pekee vilivyothibitishwa ni vile alivyovipata Valentin Ushakov katika robo ya kwanza ya karne ya 20, karibu na mji wa Tara, kaskazini mwa Omsk huko Siberia. Uchunguzi wa isotopu zilizomo katika manyoya ya ndege waliohifadhiwa kwenye makumbusho, uliochapishwa mwaka 2018, ulielekeza kidole kusini zaidi, kwenye nyika za kaskazini mwa Kazakhstan na za Urusi zinazopakana nazo. Maana yake ni kwamba huenda watu walikuwa wakimtafuta ndege huyu kwa miaka mingi mahali ambapo hakuwa akizalia hasa. Kuwindwa njiani, kulimwa kwa nyika na kukaushwa kwa vinamasi vilimpunguza hata ikafika miaka ya 1990 akawa anatarajiwa kwa uhakika mahali pamoja tu, Merja Zerga, ziwa la pwani linaloungana na Bahari ya Atlantiki nchini Morocco. Hapo ndipo alipoonekana kwa mara ya mwisho pasipo ubishi, tarehe 25 Februari 1995.

Kwa hiyo ndege wa Druridge alijitokeza miaka mitatu baada ya rekodi ya mwisho isiyo na shaka, na mbali kabisa na njia zilizozoeleka za jamii yake. Kulikuwa na jambo zito zaidi ndani ya dai hilo. Waliomtambua walisema ni ndege mchanga, aliyekuwa katika kiangazi chake cha kwanza, na ndege wa umri huo mwezi Mei 1998 lazima awe ameanguliwa mwaka 1997. Aliyeikubali rekodi ile alikuwa amekubali pia, hata kama hakulitamka, kwamba mahali fulani katika nyika za Asia kulikuwa bado na jozi iliyotaga, ikaangua na kufanikiwa kukuza kinda mwaka mmoja tu kabla. Hiyo ni habari kubwa kuliko ndege mmoja aliyepotea njia, na kwa maoni yangu ilipaswa kudai ushahidi wa ukubwa wake.

Nchini Uingereza madai ya namna hii hupita katika ngazi mbili. Kamati ya ndege adimu, BBRC, iliyoanzishwa mwaka 1959, hupima maelezo na picha za kila rekodi. Linapokuja suala la kumwingiza ndege mpya katika orodha ya taifa, faili hupelekwa pia kwa kamati ya rekodi ya chama cha wataalamu wa ndege, BOURC. Watu wengi hudhani kwamba kamati hizi huulizwa kama shahidi ni mkweli. Mwaka 1962 swali hilo liliwahi kuulizwa waziwazi, pale rekodi nyingi za zamani kutoka eneo la Hastings zilipofutwa kwa kushukiwa udanganyifu. Lakini hiyo haikuwa hali ya Druridge hata kidogo. Mashahidi walikuwa wengi, wenye ujuzi, na walieleza walichokiona. Swali la kamati lilikuwa jingine: je, ushahidi uliobaki baada ya ndege kuondoka unatosha kumfunga mlango kila ndege mwingine anayeweza kufanana naye? Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa, hata akawa amepatia kabisa, na bado faili lake lisitoshe.

Ndege mwingine huyo alikuwa sululu mkubwa, Numenius arquata, ambaye hukaa Uingereza majira ya baridi kwa idadi inayozidi laki moja na huzalia pia katika vilima vya huko huko Northumberland. Tukimfananisha na sululu mdomo-mwembamba kwa vipimo vya vitabuni, tofauti inaonekana kubwa: sululu mkubwa ana urefu wa sentimita 50 hadi 60, na mdomo-mwembamba sentimita 36 hadi 41, karibu sawa na sululu mdogo wa mistari miwili ya giza utosini ambaye wakazi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wanamwona kila msimu. Ingekuwa hivyo uwanjani, pasingekuwa na ubishi. Tatizo ni kwamba sululu mkubwa hatofautiani na wengine tu, bali hutofautiana sana yeye kwa yeye. Jike ni mkubwa kuliko dume na mdomo wake ni mrefu zaidi kwa kiasi kinachoonekana wazi. Ndege mchanga huanza maisha na mdomo mfupi usiopinda sana, ambao huendelea kurefuka kwa miezi mingi. Dume mchanga aliye mdogo kuliko wenzake, akikutwa peke yake kwenye nyasi fupi bila ndege mwingine wa kulinganisha naye, anaweza kuonekana kama ndege wa jamii nyingine hata machoni pa mtu aliyezoea sululu tangu utotoni.

Wakati wenyewe nao ni wa kuzingatiwa. Mwezi Mei sululu wakubwa waliokomaa huwa wako kwenye viota vyao bara, ilhali walio wachanga, ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa, hubaki pwani. Wenyeji wa Mida Creek au wa mlango wa mto Sabaki, kwenye pwani ya Kenya, wanalijua jambo hili kwa upande wao, kwani hata wakati wa kusi, ndege wa Ulaya na Asia walio wengi wakiwa wamekwisha ondoka, hubaki sululu wachache na ndege wengine wa tope ambao ni wachanga. Sululu mchanga wa pekee, aliyechakaa manyoya, kwenye pwani ya Northumberland mwezi Mei, ndiye hasa anayetarajiwa kuwa pale. Hilo halimkatalii yule adimu, lakini humpa mshindani wake nafasi kubwa kabla hata darubini haijafunguliwa.

Hoja iliyowavutia wengi ilikuwa weupe wa upande wa chini wa bawa. Ni kweli kwamba sululu mdomo-mwembamba alikuwa na manyoya ya kwapani na ya chini ya bawa yaliyo meupe safi, wakati sululu wakubwa wengi wa Ulaya magharibi wana michirizi ya kahawia mahali hapo. Hata hivyo, alama hii ina udhaifu ambao msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuthibitisha mwenyewe. Sululu wakubwa wanaofika kwetu wengi wao ni wa aina ya mashariki, orientalis, nao wana mabawa meupe chini, mara nyingi bila doa lolote. Simama kando ya tope la Mida maji yanapojaa na kuwalazimisha ndege kuhama, umtazame sululu mkubwa anaporuka: utaona weupe wa mgongo ukipanda kati ya mabawa kama kabari, na anapogeuka dhidi ya jua, kwapa lake linang'aa jeupe mpaka macho yanashindwa kusema kama kuna mchirizi au hakuna. Hata miongoni mwa wale wa magharibi wapo wenye kwapa lisilo na alama. Kwa hiyo kwapa jeupe linaweza kumwondoa sululu mwenye michirizi. Haliwezi peke yake kumthibitisha mdomo-mwembamba. Isitoshe, picha za mwaka 1998 zilikuwa nyingi za filamu, na mwanga wa jua kwenye unyoya wa rangi nyepesi hufuta alama ndogo katika picha kwa urahisi mno. Picha isiyoonyesha mchirizi si lazima iwe picha ya ndege asiye na mchirizi.

Kuhusu mdomo, maneno yaliyotumika zaidi yalikuwa wembamba na ncha iliyochongoka. Sululu mdomo-mwembamba hakuwa na mdomo mfupi tu, bali mdomo ulioanza mnene kiasi karibu na uso na kupungua sawasawa hadi ncha nyembamba sana, wakati wa sululu mkubwa huonekana mzito na hata kutanuka kidogo mwishoni. Hii ni alama nzuri ndege akiwa karibu na akionekana kwa ubavu. Kwa mbali, katika hewa inayotetemeka kwa joto juu ya nyasi, ncha ya mdomo ndiyo sehemu ya kwanza kupotea machoni, na kila mdomo huonekana umechongoka.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa mbavuni, na ndipo ninapoona faili lilipofungwa kwa kweli. Alama ya sululu mdomo-mwembamba aliyekomaa ambayo haikuwa na mshindani ilikuwa madoa meusi ya mviringo, mengine yenye umbo la moyo, yaliyotawanyika juu ya weupe wa ubavu. Hakuna sululu mkubwa aliye na madoa ya namna ile kwa ukamilifu wake. Lakini ndege mchanga wa jamii hiyo hakuwa nayo: yeye alikuwa na michirizi ya kahawia, kama walivyo sululu wakubwa. Kwa kumtaja ndege wa Druridge kuwa mchanga, watetezi wake walieleza kwa nini madoa hayakuonekana ipasavyo, na maelezo hayo yalikuwa ya busara, kwani ndivyo jamii ile ilivyokuwa. Hata hivyo, kwa kufanya hivyo waliitoa mezani alama pekee ambayo ingemaliza shauri. Kilichobaki ni alama za kiasi: mdogo zaidi, mwembamba zaidi, mweupe zaidi, miguu yenye giza zaidi, mkia wenye mistari michache zaidi. Na kiasi hupimwa kwa kulinganisha na kitu kinachojulikana, wakati sura ya sululu mdomo-mwembamba wa umri ule mwezi Mei ilikuwa karibu haijulikani. Ndege walio hai waliopigwa picha nzuri walikuwa wachache, na wale wa makumbusho walikuwa wameuawa hasa katika misimu ya kuhama na ya baridi. Kamati ilikuwa inaombwa kumlinganisha ndege mmoja asiyejulikana na kielelezo ambacho nacho hakikuwapo.

Kuna kosa la kihesabu ambalo hujificha katika mafaili ya namna hii. Mtu husoma orodha ya alama saba au nane, kila moja ikiegemea kidogo upande wa ndege adimu, na anahisi kwamba zikijumlishwa zinakuwa ushahidi mkubwa. Zingekuwa hivyo kama kila alama ingesimama kwa miguu yake. Lakini dume mchanga aliyedumaa atakuwa mdogo, na kwa sababu ni mdogo mdomo wake utakuwa mfupi, na kwa sababu ni mfupi utaonekana umenyooka na mwembamba, na kichwa chake kitaonekana cha mviringo zaidi. Na kwa sababu manyoya yake ya utotoni yamepauka kwa jua la miezi tisa, mwili wake utakuwa mweupe na michirizi yake itakuwa imekonda. Hapo alama sita zimetoka katika mambo mawili tu, udogo na uchakavu. Mashahidi sita wakisimulia jambo walilolisikia kwa mtu mmoja, mahakama humhesabu mtu mmoja.

Uwezekano wa jumla nao haukwepeki. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba sululu mkubwa mwenye mchanganyiko wa udogo, wembamba na weupe wa kiasi kile hutokea mara moja katika kila sululu elfu hamsini. Katika nchi yenye zaidi ya laki moja majira ya baridi, watakuwapo wawili au zaidi wakati wowote ule, na miaka ikipita, kwa idadi ya watu wanaotazama ndege huko, mmoja wao ataonekana. Kwa upande wa pili tuna jamii ambayo pengine ilikuwa na ndege wachache mno duniani kote, kama ilikuwa nao. Hesabu hii haithibitishi kwamba ndege wa Druridge alikuwa sululu mkubwa. Inaonyesha tu ushahidi ulipaswa kuwa mzito kiasi gani ili kuushinda mteremko ule, na alama za kiasi haziwezi kuupanda.

Je, kamati zilifanya uzembe kukubali mara ya kwanza? Sioni hivyo. Zilichukua miaka, na faili liliandaliwa na watu waliomjua ndege huyu kuliko wengi: Vangeluwe mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu waliojihusisha sana na utafutaji wa sululu mdomo-mwembamba. Pia wakati ule elimu kuhusu upeo wa tofauti za sululu mkubwa ilikuwa finyu, kwa sababu ndogo ya kibinadamu: hakuna mtu anayejisumbua kumpiga picha mia moja ndege wa kawaida anayemwona kila siku. Vitabu vilimwonyesha sululu mkubwa wa wastani, na ndege wa Druridge hakuwa wa wastani, kwa hiyo alionekana kuwa nje ya mipaka ya jamii hiyo, kumbe mipaka yenyewe haikuwa imechorwa.

Mashaka yalikuwapo tangu mwanzo, lakini yalipata nguvu baadaye. Mwaka 2004, katika hifadhi ya Minsmere huko Suffolk, alitokea sululu mwingine mdogo aliyewagawa watazamaji, wapo waliomwona kuwa mdomo-mwembamba bila shaka. Safari hii kilikusanywa kinyesi chake, vinasaba vikachunguzwa, na jibu likawa sululu mkubwa. Kwa mtazamo wangu tukio hilo lina uzito mkubwa katika kisa cha Druridge, ingawa ni ndege tofauti na mahali tofauti, kwa sababu lilionyesha kwa kitu kinachopimika kwamba sululu mkubwa anaweza kufika karibu vile na sura ya ndege adimu hata kuwagawa watu wenye ujuzi. Mshindani aliyekuwa wa kinadharia alikuwa amepatikana katika mwili. Kamera za kidijitali nazo zilikuwa zimeenea, na picha za sululu wa kila umri na kila hali ya manyoya zikaanza kujaa. Faili la Druridge liliposomwa upya dhidi ya elimu hiyo, haikuwezekana tena kusema kwamba sululu mkubwa asiye wa kawaida ameondolewa katika hesabu. Rekodi ikaondolewa.

Wapo waliosikitishwa, na hoja yao nzito kuliko zote haihusu manyoya. Wanasema kuwa kukataa kupita kiasi kuna hatari yake: ndege adimu akifutwa kwenye orodha, fedha na ulinzi navyo huondoka, na ikiwa bado yupo, tumemzika akiwa hai. Hofu hii ni ya haki na imewahi kutokea kwa jamii nyingine. Lakini nadhani inachanganya viwango viwili ambavyo havipaswi kuwa kimoja. Kwa ajili ya kuchukua hatua, kama kutuma watu kutafuta, kuzuia uwindaji katika kinamasi au kuchelewesha mradi wa ujenzi, tetesi yenye mashiko inatosha, kwa kuwa hasara ya kukosea ni ndogo kuliko hasara ya kupuuza. Kwa ajili ya orodha ya kudumu, ambayo wengine watajenga hesabu zao juu yake, tetesi haitoshi. Na katika kisa hiki hatua hazikusimama kwa kusubiri orodha: makubaliano ya kimataifa ya kumlinda sululu huyu chini ya Mkataba wa Bonn, unaolinda wanyama wanaohamahama, yalikuwapo tangu mwaka 1994, na kuanzia mwaka 2008 kikosi kazi kiliendesha msako mpana katika nchi nyingi za njia yake ya zamani. Watu walimtafuta kwa bidii, huku faili la Druridge likiwa bado limo katika orodha, na hawakumpata.

Wala si kweli kwamba ukali wa kamati humnyima nafasi kila ndege anayerudi kutoka ukingoni. Jamaa wa karibu wa sululu huyu anatoa mfano mzuri, tena katika bahari yetu. Sululu mdogo wa nyika, aina ya alboaxillaris, alikuwa ametangazwa kutoweka mwaka 1994, akapatikana tena Urusi mwaka 1997, kisha mwaka 2016 Gary Allport akawakuta wawili Maputo, Msumbiji. Aina hii hutambuliwa kwa kwapa na upande wa chini wa bawa ulio mweupe, yaani kwa alama ile ile iliyoleta utata Druridge. Tofauti ilikuwa katika namna ushahidi ulivyokusanywa: ndege walifuatiliwa kwa subira, picha za bawa lililofunuliwa zilipigwa tena na tena kutoka pembe mbalimbali na katika mwanga tofauti, hata unyoya mmoja mmoja ukaweza kukaguliwa, na taarifa ilipochapishwa ililinganisha picha hizo na ndege wa makumbusho. Dai hilo lilikuwa la ajabu kama la Druridge, lakini lilikuja na kitu ambacho mtu asiyekuwapo angeweza kukipima.

Haya yanatuhusu kwa karibu, kwa kuwa Afrika Mashariki nayo ina kamati yake ya rekodi za ndege adimu, na taarifa zake huchapishwa katika jarida la Scopus. Mtu akikutana na sululu wa ajabu Bagamoyo, kwenye mabwawa ya chumvi, au katika delta ya Rufiji, ningemwomba aandike alichokiona kabla hajafungua kitabu, kwa sababu kitabu kikishafunguliwa jicho huanza kuona kilichochorwa. Ningemwomba ampige picha akiwa karibu na sululu mwingine au hata kulasitara, ili ukubwa wake upimwe na mtu mwingine. Na ningemwomba ampige picha anaporuka, mabawa yakiwa wazi, zikiwamo zile zinazoonekana mbaya, kwa kuwa picha mbaya ya kwapa ina thamani kuliko picha nzuri ya ndege aliyekunja mabawa. Ndege akiondoka, aende pale alipokuwa amesimama aokote unyoya au kinyesi, akakihifadhi kikiwa kikavu ndani ya bahasha ya karatasi. Laiti unyoya mmoja tu ungeokotwa Druridge, kisa hiki chote kingekuwa na ukurasa mmoja.

Haukuokotwa, na matokeo yake yalionekana miaka mingi baadaye katika hesabu ambayo hakuna aliyeitamani. Uchunguzi uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2024 katika jarida la Ibis ulikusanya rekodi za sululu mdomo-mwembamba, ukazipima kwa kuzingatia uthabiti wa ushahidi wa kila moja na juhudi za utafutaji zilizofanywa, na kufikia uwezekano wa asilimia 96 kwamba ndege huyu hayupo tena duniani. Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilimtangaza rasmi kuwa ametoweka. Katika hesabu za namna hiyo, rekodi ya mwisho inayoaminika ndiyo nguzo ambayo miaka ya ukimya huanza kuhesabiwa kutoka kwake. Nguzo hiyo sasa iko Merja Zerga, Februari 1995, kwa ndege ambaye picha zake hazibishaniwi. Kama ingebaki Druridge, tungeihamishia Mei 1998, na pamoja nayo tungekuwa tumeandika katika historia ya jamii hii kwamba mwaka 1997 bado kulikuwa na kiota kilichofanikiwa, jambo ambalo hakuna mtu aliyeliona na ambalo ushahidi pekee wake ni michirizi ya ubavuni mwa ndege mmoja ambaye huenda alizaliwa vilimani, si mbali na pale alipopigwa picha.